Sungusungu na bibi mwenye macho mekundu



Juma lililopita nilipokea barua ya ndugu yetu mmoja akaaye Igogo, hapa mjini Mwanza. Ni mfanyakazi wa zamu kiwandani, baba wa watoto wanne, na hati yake ya mkono yaonyesha kwamba aliandika akiwa amekasirika. Mkutano wa mtaa wake umekubaliana kwamba kila nyumba itoe mtu mmoja kukesha katika ulinzi wa usiku, mara moja kila baada ya majuma mawili. Asiyeweza atoe fedha za kuwalipa vijana watakaokesha badala yake. Yeye akatoa fedha. Hata hivyo mwenyekiti wa mtaa alimjia mlangoni, akapokea fedha, akaandika stakabadhi, kisha akamwambia: "Ndugu yangu, fedha zako tumezipokea, lakini afadhali ungekuja mwenyewe."

Neno hilo "afadhali" ndilo lililomuudhi. Aniuliza: "Nalipa kodi ili polisi wawepo. Nalipa mchango ili walinzi wawepo. Sasa nataka kujua, na usingizi wangu nao ni mali ya mtaa?"

Swali hili si la mzaha, nami sitalijibu kwa kumkemea mtu atokaye kazini saa nne za usiku. Ila nitaomba aniwie radhi, kwani jibu langu halianzii Igogo. Laanzia kwenye mashamba ya pamba na dengu, kusini ya mji huu, ambako wengi wetu tunaojibanza hapa kwenye miamba tulizaliwa au wazazi wetu walizaliwa.

Wazee watakumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, Amin amekimbia, majeshi yetu yamerudi. Lakini vita havirudishi kila kitu mahali pake. Bunduki nyingi zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Madukani hakukuwa na sabuni wala khanga, na wanyang'anyi walikuwa wakivamia mabasi, maduka na maboma ya ng'ombe. Tena miaka michache tu kabla ya hapo, katika Operesheni Vijiji, watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari katika vijiji vipya. Msukuma aliyezoea kumjua jirani yake tangu babu, akajikuta akilala nyumba moja baada ya mtu asiyemjua hata ukoo. Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa siku nzima, na ukifika huenda ukaambiwa gari halina mafuta.

Hapo ndipo, mwaka 1981 na 1982, katika maeneo ya mpakani baina ya Kahama, Shinyanga na Nzega, wanavijiji walipoanza kujilinda wenyewe. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na pinde, mishale, filimbi na miguu yao. Wakajiita Wasalama, yaani watu wa amani. Lakini jina lililoshika na kuenea nchi nzima ni la wale wadudu weusi ambao mmoja ukimkanyaga huoni kitu, ila wakija kwa pamoja hata fahali hukimbia: sungusungu.

Kwa muda mfupi jambo hilo lilienea katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza. Sina budi kueleza kidogo namna lilivyofanya kazi, kwa maana vijana wetu waliozaliwa mjini husikia jina tu, nao hudhani ni kundi la watu wenye virungu.

Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, naye aliitwa ntemi. Hili lina uchekeshaji wake, kwa sababu utawala wa watemi ulikuwa umefutwa tangu 1963, na hapa wananchi wakamrudisha mtemi kwa mlango wa nyuma, safari hii akiwa mkulima mwenzao waliyemchagua wenyewe. Chini yake walikuwapo katibu na makamanda wa vijana. Ng'ombe wakiibwa, yowe lilipigwa, lile Wasukuma waliitalo mwano, na hapo kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka nje na silaha yake, hata kama alikuwa ameketi mbele ya ugali. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa. Kijiji cha pili kiliposikia yowe nacho kilitoka, kikaichukua kazi palipoishia mpaka wa kijiji cha kwanza, na kadhalika mpaka alfajiri. Mwizi aliyekuwa akiwakimbia watu ishirini alijikuta akikimbilia mikononi mwa mia mbili.

Aliyeitwa asitoke alitozwa faini, waliyoiita mchenya. Mara nyingi ilikuwa mbuzi au hata ng'ombe, nao huchinjwa na kuliwa na kijiji kizima, ili kila mtu apate kuona kwa macho yake na kuonja kwa ulimi wake gharama ya uvivu. Na kwa yule aliyekuwa mkaidi kupita kiasi, au aliyekataa kulipa, ilikuwapo adhabu nyingine isiyohitaji fimbo: kutengwa. Hakuna amsalimuye. Hakuna ampaye moto wala chumvi. Mkewe akifika kisimani wengine huondoka. Akifiwa, huchimba kaburi peke yake. Mtu wa mjini aweza kuona ni jambo dogo, kwani sisi twaweza kukaa mwaka bila kujua jina la mtu wa ng'ambo ya ukuta. Kijijini ni kama kukatwa pumzi. Wapo waliostahimili siku tatu, kisha wakaja na mbuzi shingoni.

Wizi wa ng'ombe ukapungua kwa namna ambayo polisi hawakuwahi kuipata. Viongozi wa Chama na Serikali, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwao, waliwasifu hadharani. Polisi na mahakimu kwa upande wao walinung'unika, wala hawakuwa wajinga kunung'unika. Waliona watu wakikamatwa bila hati, wakipigwa bila hukumu, wengine wakifa, na mali zao zikiliwa kwa jina la faini.

Lakini kabla hujamlaumu mwanakijiji kwa kutowaamini polisi, kumbuka, ndugu msomaji, yaliyotokea katika mikoa hii hii miaka michache tu nyuma yake. Mwaka 1976, ili kukomesha mauaji yaliyokuwa yamezidi Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kukamata watuhumiwa. Wakakamatwa watu mamia. Wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipojulikana, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977. Hakuna aliyesema kwamba yeye alimgusa mtu hata kwa kidole. Alijiuzulu kwa sababu yalitendwa na watu walio chini ya wizara yake. Akajiuzulu pia Waziri wa Nchi, Ndugu Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa yote miwili, Ndugu Peter Kisumo wa Mwanza na Ndugu Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa. Nchi nyingi zimepata misiba kama hiyo, lakini si nyingi ambazo mawaziri wake wameondoka kwa sababu ya wakulima waliopigwa rumande.

Basi mwanakijiji alikuwa na mwizi upande huu, na upande huu mlinzi aliyeweza kumtesa. Akaamua kujilinda mwenyewe. Wala sidhani yupo kati yetu ambaye angeamua vinginevyo.

Tatizo ni kwamba mwizi wa ng'ombe huacha nyayo, na ng'ombe ana alama. Ukimfuata ukamkuta na ng'ombe, maneno yamekwisha. Je, ukiwa umekwisha mkomesha mwizi, na pinde bado mnazo, na mkutano bado una nguvu zake zote, kisha mtu akasimama akasema mtoto wake amekufa na anamjua aliyemuua?

Sasa nitazungumza juu ya shangazi yangu.

Aliishi katika wilaya ya Kwimba. Ukitoka Mwanza washuka Hungumalwa, washika njia ya Ngudu, kisha watembea. Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mbuga, na alikuwa na eka nne za ardhi nzuri nyeusi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipikia kuni, na kuni zilipokosekana alipikia mavi makavu ya ng'ombe, kama wafanyavyo wanawake wengi wa huko ambako miti ilikwisha zamani. Miaka arobaini ya moshi huo katika jiko lisilo na dirisha ilimfanya macho yake kuwa mekundu kama pilipili mbivu. Sisi watoto tulimpenda, nasi hatukuyaona macho hayo kuwa kitu. Tulikwenda kwake kwa ajili ya karanga.

Wapo waliyoyaona kuwa kitu. Mfanyakazi wa Mwanza hahitaji kuelezwa habari za macho mekundu, maana sote tumesikia. Takwimu zilizokusanywa na Serikali zilionyesha kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa kudhaniwa wachawi. Wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Zaidi ya nusu ya hao waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Itazame hiyo miaka. Sungusungu, ambao walifanya njia za usiku zipitike tena, walikuwapo katika ile ya mwishoni. Katika vijiji vingi, walipokwisha kuwashughulikia wezi, waligeukia wachawi: waliwaita mkutanoni, waliwahoji, waliwatenga, waliwafukuza. Na bibi aliyekwisha tajwa mkutanoni, hata akiachwa hai siku hiyo, alikuwa amewekewa alama kwa ajili ya mtu mwingine kuja na panga usiku wa manane.

Mwaka 1988 mtoto wa jirani wa shangazi alikufa kwa homa. Alikuwa na umri wa miaka mitatu. Siku ya nne baada ya mazishi mkutano uliitwa chini ya mkuyu. Mimi sikuwapo, nilikuwa hapa mjini nikifanya kazi, na habari hizi nilizipata kwake mwenyewe na kwa wengine waliokuwapo, nazo zinaafikiana. Alisimama mtu mmoja wa ukoo wa marehemu mume wa shangazi, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akizizungukia zile eka nne kama kunguru azungukavyo machinjio. Akasema kwamba usiku aliokufa mtoto, shangazi alionekana na watu akitembea peke yake gizani kuelekea nyumba ya yule mtoto. Akauliza, bibi wa umri ule anatafuta nini nje usiku wa manane? Hakutamka neno uchawi. Halikuwa na haja ya kutamkwa.

Shangazi aliniambia kwamba aliwatazama watu mmoja mmoja. Walikuwapo aliowazalisha kwa mikono yake. Walikuwapo waliokula karanga zake. Wote walikuwa wakitazama chini. Mama wa mtoto alikuwa ameketi amejifunika khanga usoni, hakusema kitu.

Ndipo kijana mmoja aliinuka. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa kijana tu wa zamu, wa wale waliokuwa wakizunguka na filimbi. Akasema: "Wakubwa zangu, ni kweli alionekana. Aliyemwona ni mimi." Watu wakaguna. Akaendelea: "Mimi na mwenzangu tulipita pale. Mama wa mtoto alitutuma tukamwite bibi huyu, kwa sababu mtoto alikuwa akitetemeka, naye bibi anajua kumtunza mwenye homa. Tukamwamsha. Hakutembea peke yake. Tulikuwa mbele yake na taa. Alikaa na mtoto akimkanda kwa maji mpaka jogoo la kwanza. Sisi tulikuwa mlangoni."

Ntemi akamgeukia mama wa mtoto, akamwuliza kama ni kweli. Yule mama akatikisa kichwa kuafiki, bila kuiondoa khanga. Mkutano ukaisha.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Shangazi hakuokolewa na wema wake, kwa sababu wema wake ulijulikana kwa wote waliotazama chini. Hakuokolewa na sheria, maana sheria ilikuwa Ngudu na yeye alikuwa chini ya mkuyu. Mimi mwanaye wa kaka yake, niliyesoma na kuvaa viatu, nilikuwa Mwanza nikimpelekea fedha kila mwisho wa mwezi, nami niliona nimetimiza wajibu wangu. Aliokolewa na mtu aliyekuwapo usiku ule, akaona kwa macho yake, na kwa kuwa alikuwa wa zamu, mkutano haukuweza kumwambia anyamaze. Kijana huyo angelala nyumbani kwao na kulipa mchenya, angekuwa miongoni mwa waliotazama chini. Si kwa ubaya wa moyo. Angekuwa hajui kitu.

Sitaki mtu adhani kwamba mambo yalirudi kama yalivyokuwa. Baada ya siku ile majirani kadhaa waliacha kununua karanga zake. Watoto walikatazwa kufika. Tulimshawishi aje akae nasi mjini, akaja, akakaa miezi miwili akilalamika kwamba hapa hakuna mahali pa kutupa macho ila ziwani, kisha akarudi kwake. Alikufa kitandani mwake mwaka 1996, kwa uzee, na nawashukuru wote waliomchimbia kaburi.

Turudi kwenye sheria, nami nitapita upesi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria ya mwaka 1975 iliyohusu uwezo wa mgambo wa kukamata, na kwa marekebisho hayo sungusungu na vikundi vya namna yao vikapewa uwezo huo kisheria. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Ndugu Mwinyi, yule yule aliyejiuzulu mwaka 1977. Sijui alifikiri nini alipoiweka sahihi yake, lakini kama alikuwapo mtu katika nchi hii aliyejua gharama ya mtu kukamatwa na asiyedhibitiwa, alikuwa ni yeye. Na tuone vema kilichotolewa: uwezo wa kukamata. Kukamata ili umfikishe mtu kwa anayestahili kumhoji na kumhukumu. Kupiga hakumo. Kutoza ng'ombe hakumo. Kumfukuza bibi kutoka eka zake hakumo. Katiba yetu nayo, tangu marekebisho ya 1984, yakataza mtu aliyeshitakiwa kwa kosa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kwamba analo.

Hayo ni maandishi. Katika miaka ya 2000 Jeshi la Polisi lilianza kuzungumza habari za polisi jamii, na siku hizi neno lililo midomoni mwa viongozi ni ulinzi shirikishi. Majina yabadilika, lakini kazi ni ile ile ya usiku. Kwenye mialo ya ziwa hili, ambako mashine ya mtumbwi ikiibwa familia tatu hulala njaa, wavuvi wana kamati zao, na kule Ukerewe na Sengerema mzee wa mwaloni aweza kukuambia mtumbwi gani umelala wapi. Wenzetu wa Kenya, baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, waliazima kwetu hata jina, wakaanzisha mpango wao wa Nyumba Kumi; nasi ambao tulikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu siku za TANU, wengi wetu leo hatumjui ni nani, isipokuwa tunapotaka barua. Sungusungu nao walivuka mpaka zamani. Huko Kisii jina hilo lilikuja kuogopwa na watu wema kuliko wezi, na mwezi wa Mei 2008, katika eneo hilo hilo, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kudhaniwa wachawi. Nasi tusijione tuko mbali na hayo. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotutia aibu mbele ya ulimwengu kuanzia mwaka 2007, yalitokea katika vijiji vyenye walinzi na filimbi.

Na hapa mjini? Hapa mjini tuna maneno yetu. Kila mara twasoma kwamba kijana fulani ameuawa "na wananchi wenye hasira kali". Mimi nimekaa mji huu miaka mingi, nami sijawahi kukutana na hao wananchi. Asubuhi kila mtu alikuwa amelala. Tairi lilijivingirisha lenyewe, mafuta yakajimwaga. Ukiuliza nani alimwona marehemu akiiba, utaambiwa "watu". Hakuna hata mmoja awezaye kusimama kama yule kijana wa Kwimba akasema, aliyemwona ni mimi, na alikuwa akifanya kadha wa kadha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Igogo, nadhani sasa waona kwa nini mwenyekiti wako alisema afadhali. Usingizi wako ni wako, na kodi yako yakupa haki ya kudai polisi. Dai, wala usichoke, kwa maana mtaa unaolindwa na raia peke yao ni mtaa ambao Serikali imeukimbia. Lakini fedha uliyotoa imewanunua vijana wawili au watatu wasio na kazi, usiowajua, ukawapa virungu na giza, kisha ukafunga mlango. Ikitokea usiku mmoja wakamkamata mtu, utasikia makelele, utajifunika shuka. Asubuhi utaambiwa alikuwa mwizi, nawe huna la kubisha. Huenda kweli alikuwa mwizi. Huenda alikuwa mfanyakazi wa zamu atokaye kiwandani saa nne za usiku.

Najua utasema umechoka. Basi badilishana na mwenzako upate usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Mwenyekiti mwenye busara hawezi kukataa. Na ukifika, usikae tu ukiota moto. Uliza kama lipo daftari la majina ya walio zamu, na kama halipo, nunua daftari wewe. Bei yake haifiki ile ya mchango. Kila usiku yaandikwe majina ya waliokesha, na kila aliyesimamishwa njiani aandikwe, saa ngapi, wapi, na alipelekwa wapi. Ulizeni mapema, kabla hajakamatwa mtu, ni kituo gani atapelekwa na nani atakwenda naye, kwa sababu maswali ya namna hiyo hayaulizwi vizuri mtu akiwa amekwisha lala chini. Anayepiga mtu aliyekwisha kamatwa atolewe kwenye ulinzi usiku ule ule, hata akiwa ni mtoto wa mwenyekiti. Na zijueni nyumba za watu walio peke yao: mjane, mzee asiye na watoto karibu, mgeni wa juzi. Hao ndio wapitiwe kwanza na kusalimiwa, ili siku jina lao likitajwa mkutanoni pawe na mtu anayejua walilala saa ngapi.

Wengine wenu mna wazazi vijijini, nanyi mwapeleka fedha kama nilivyokuwa nikipeleka mimi. Msiache. Lakini mwendapo likizo, msikae siku zote tatu uani mkinywa soda. Nendeni mkamsalimu mwenyekiti wa kitongoji, nendeni mkawaone vijana wa ulinzi, wajueni kwa majina, wajue kwamba yule mama wa nyumba ya mwisho ana watu wanaomwulizia. Na jiko lake litobolewe dirisha. Fundi wa kijijini huifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja, na moshi hupata njia nyingine isiyo ya macho.

Mwishoni mwa barua yake ndugu yetu aliongeza mstari mmoja, kwamba mkewe ana hofu asije akapatwa na lolote kule nje. Mama, hofu yako ni ya haki. Mwambie avae koti zito, achukue tochi yenye betri mpya, asikubali kuzunguka peke yake, na kabla hajatoka akutajie jina la mwenzake wa zamu na nyumba anakokaa.